Swali Litangulie, Simu Ifuate

Katika shule moja ya sekondari ya kata hapa Tanga, upande wa Mwambani, kuna mwalimu wa jiografia ambaye kwa siku 15 mfululizo alipiga picha ya nguzo moja tu. Nguzo yenyewe ni ya gati bovu na imeota chaza hadi katikati. Siku moja maji yakiwa yamekupwa, wanafunzi wake wa Kidato cha Kwanza waliipaka mistari ya rangi nyekundu, mmoja kila baada ya sentimita 25. Tangu hapo, kila saa nne na nusu asubuhi, kengele ya mapumziko ikilia, wanafunzi sita walishuka naye ufukweni. Mmoja alipiga picha kwa simu ya mwalimu, wengine wakahesabu mistari iliyo juu ya maji na kuiandika daftarini, kisha wakakimbilia uji. Jumamosi na Jumapili alikwenda mwenyewe.

Somo lilikuwa kujaa na kupwa kwa maji, ndani ya mada ya mfumo wa jua. Nilifika siku ya 16, siku ya kufunga hesabu. Mimi ni mkufunzi wa TEHAMA katika chuo cha ualimu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa dawati la nyuma katika madarasa ya wenzangu, nikitazama vifaa vinavyotumika. Nimeona projekta nyingi zikiwashwa. Somo kama lile nimeliona mara chache.

Projekta ilikuwa ya kuazima, na madirisha mawili yalizibwa kwa kanga ili mwanga usiharibu picha. Wanafunzi 70 na ushei walikuwa wameshaigeukia ile projekta kama watu wanaosubiri mpira. Mwalimu hakuiwasha. Aliandika ubaoni kwa chaki: "Saa ileile, nguzo ileile. Siku ya kwanza mistari tisa ilikuwa nje ya maji. Siku ya nane ilikuwa miwili. Kwa nini?" Akawaambia kila mmoja aandike jibu lake, bila kunong'ona na jirani.

Dakika tano zikapita kimya. Nilichungulia madaftari ya waliokuwa karibu nami. Mmoja aliandika mvua, mwingine upepo wa kusi. Binti mmoja wa safu ya tatu aliandika: "Siku ya kwanza bamvua. Siku ya nane maji mafu." Baadaye nilielezwa kwamba mama yake huvua pweza. Mwalimu alipita, akalisoma jibu lile, wala hakusema kama ni sawa au si sawa. Aliwaamuru wabishane wawiliwawili, kila mmoja amshawishi mwenzake. Darasa likawaka. Hapo ndipo alipowasha.

Picha zote 15 zilipita kwa chini ya nusu dakika. Maji yakapanda nguzoni polepole, yakafika juu, yakashuka tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Mvulana wa mvua akasema kwa sauti, "Lakini mvua haikunyesha hata siku moja!" Akafuta jibu lake mwenyewe bila kuambiwa na mtu.

Kilichofuata kilikuwa mchoro unaosogea kwenye kompyuta mpakato: dunia, mwezi na jua. Wanafunzi walikwisha andika siku ya kwanza kuwa ilikuwa mwezi mwandamo. Mwalimu akausogeza mwezi mpaka ukakaa mstari mmoja na jua, akauliza nguvu za uvutano zinasaidiana au zinapingana. Zinasaidiana: hiyo ndiyo bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Akausogeza siku saba mbele, mwezi ukawa nusu, jua likivuta huku na mwezi ukivuta kule: maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Na kwa kuwa maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kesho hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko leo. Ndiyo maana saa nne na nusu ya leo haikuti maji ya jana. Kina mama wa pwani yetu wanajua kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na ndipo wanaposhuka mwambani na vijiti vyao. Sasa watoto wao wakaijua sababu.

Vipindi viwili vilikuwa dakika 80, na kwa saa yangu vifaa viliwaka dakika 12. Muda uliobaki ulikuwa wa chaki, kalamu na mabishano.

Naeleza haya kirefu kwa sababu katika semina zetu swali la kwanza huwa, "Mkufunzi, ninunue kifaa gani?" Ningependa tuanze na jingine: mwanafunzi atakuwa anafikiri nini kabla kifaa hakijawashwa? Kama hana swali kichwani, picha nzuri humpitia kama gari barabarani. Ataishangaa, na kesho hatakumbuka ilikuwa ya nini.

Nililijifunza hili kwa kukosea. Zamani kidogo nilifundisha somo la mfano mbele ya wanachuo, nikiwa na slaidi zaidi ya 40, rangi kila aina, maneno yakiingia kwa kuzunguka. Wanafunzi waliinamia madaftari wakinakili mwanzo hadi mwisho. Kesho yake nilimuuliza kijana mmoja anakumbuka nini. Alifikiri sana, akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, maandishi yalikuwa yanaruka." Nilisikitika, kwa sababu nilikuwa nimeandaa somo lile kwa siku tatu.

Wenzetu waliokwenda kwa kiwango kikubwa wamekutana na jambo hilihili. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi chini ya mpango wa One Laptop per Child. Watafiti walifuatilia shule 319 za vijijini. Katika shule zilizopewa, uwiano ulipanda kutoka kompyuta 0.12 hadi 1.18 kwa kila mwanafunzi, lakini alama za hisabati na lugha hazikuonyesha tofauti na za shule zisizopewa. Vifaa vilifika, ila namna ya kufundisha ilibaki ileile. Kwa upande mwingine, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa maswali: kila mwanafunzi ajibu peke yake, abishane na jirani, kisha ajibu upya. Baadaye vikaja vidude vya kielektroniki vya kubonyezea majibu. Vilipolinganishwa na kadi za karatasi ambazo mwanafunzi anainua tu, kujifunza kulikuwa sawasawa. Kazi ilifanywa na swali na mabishano. Mwalimu asiye na kitu ila boksi la kukata kadi asijione amechelewa.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mkoa wetu wa Tanga ulikuwa uwanja wa jaribio kubwa la aina hii. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa mwaka 2014, lilizitaka timu zitengeneze programu ambayo mtoto angejifundishia mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Timu tano zilizofika fainali zilijaribiwa kwa Kiswahili hapahapa, katika vijiji 170 na kwa watoto karibu 3,000, kwa miezi 15. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana. Watoto walipewa vishikwambi, na umeme wa kuvichaji ulikuwa wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu za fainali ziliachwa wazi ili yeyote azitumie.

Mimi huwa naisoma hiyo nusu kwa pande zote mbili. Kwa watoto ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga darasa, ni hatua ya kushukuru mno, na anayedharau vishikwambi aikumbuke. Lakini kuna nusu iliyobaki bila kusoma neno, wakiwa na kifaa kilekile na umeme uleule. Mtoto aliyekwama alihitaji mtu wa kuona kwamba amekwama. Darasani huyo mtu yupo, amesimama na chaki. Kwa hiyo ukiwa na mwalimu na kifaa pamoja, ni hasara kubwa kumfanya mwalimu awe fundi wa kuwasha na kuzima.

Sasa ya vitendo. Walimu wengi wana simu janja, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Vifaa hivyo vinatosha kuanza. Kamera peke yake, bila bando, inapima maji, mche wa maharage unavyorefuka, kivuli cha mlingoti wa bendera kutoka asubuhi hadi mchana. Pasipo projekta, kishikwambi kimoja kizunguke kundi hadi kundi huku wengine wakiwa na kazi ya daftarini. Kinachozunguka bila kazi huzaa kelele tu.

Mtandao ukisumbua, shusha usiku, fundisha mchana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada bila malipo. Majaribio ya sayansi ya PhET, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado nchini Marekani, hushushwa na kuchezwa bila intaneti, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ya Kolibri, yenye masomo na mazoezi, huwekwa katika kompyuta moja, na vifaa vingine darasani vikachota humo bila kugusa bando. Zote hazitozi kitu. Jaribu kila kitu nyumbani siku moja kabla, na uwe na mpango wa chaki umeme ukikatika.

Angalia pia nani anashika. Palipo na kompyuta moja kwa wanafunzi wanane, kipanya huishia kwa yuleyule mwenye kompyuta kwao, mara nyingi mvulana, na wengine wanabaki kuangalia mkono wake. Nimeona dawa moja ikifanya kazi: mwenye kipanya haruhusiwi kuamua. Anasogeza kile tu alichoambiwa na kundi, na kila dakika tano kipanya kinahama. Mwenye ujuzi analazimika kusikiliza, na aliyekaa kimya analazimika kusema.

Lugha nayo ina uzito wake. Somo la sekondari na mtihani wake ni kwa Kiingereza, na vitu vingi mtandaoni ni kwa Kiingereza. Mwalimu yule aliandika bamvua na maji mafu ubaoni kwanza, yakaeleweka, kisha akayaandikia pembeni majina yatakayokuja kwenye mtihani. Asingefanya hivyo, binti wa safu ya tatu angeliona somo la watu wengine, ilhali alikuwa analijua kuliko sisi sote.

Kuhusu akili mnemba, ambayo walimu vijana wananiuliza kila wiki: itumie kupata rasimu ya maswali, kisha lisome kila swali na ulijibu mwenyewe kabla ya kulipeleka darasani. Huandika makosa kwa lugha ya kujiamini, na mwanafunzi hana namna ya kuyatambua. Na picha za wanafunzi zisirushwe kwenye makundi ya mtandaoni. Tangu kuanza kutumika kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtoto zina ulinzi wa kisheria. Piga picha nguzo, daftari, mikono inayofanya kazi, sura ziache.

Nirudi Mwambani. Kipindi kilipokaribia kwisha, binti yule alinyoosha mkono.

"Mwalimu, mama anasema bamvua ya Machi inakupwa kuliko ya Juni. Mwezi si ni uleule?"

Mwalimu akanitazama, nami nikamwachia darasa lake. Akasema, "Swali zuri sana, binti. Sote tuliandike." Ubao ulikuwa umejaa, akafuta kona moja kulipatia nafasi. Sababu iko kwenye jua: karibu na Machi 21 na Septemba 23 jua huwa juu ya Ikweta, na likijipanga na mwezi wakati huo uvutano wao huzidi ule wa miezi mingine. Lakini hakuwaambia. Wamekubaliana kupiga picha za bamvua ya Juni, kisha za Septemba, nguzo ileile, na binti ameombwa amlete mama yake darasani siku ya kulinganisha.