Mbwa anayekunywa na kukojoa kupita kiasi: dhana potofu na ukweli

Dhana inayowaumiza mbwa wengi ni ile inayodai kwamba mbwa anayekojoa sana anyimwe maji, hasa usiku, ili asichafue sakafu. Anayeiamini hukuta alfajiri bakuli tupu na dimbwi la mkojo kando ya tandiko, akahitimisha kwamba la kwanza ndilo lililozaa la pili. Katika magonjwa mengi mambo huenda kinyume: figo hushindwa kurudisha maji mwilini, mkojo hutoka mwingi, kisha kiu huja kufidia kilichopotea. Ukiondoa bakuli, figo haziachi kumwaga maji; mbwa huendelea kukojoa huku mwili ukimkauka, na mwenye figo dhaifu anaweza kuzidiwa haraka. Maji safi yawepo saa zote, hata kama sakafu itapigwa deki mara tatu kwa siku.

Wengine husema ni uzee tu. Uzee si ugonjwa, na kiu ya mbwa mzee ina chanzo kama ya kijana. Figo zinaweza kupoteza takriban theluthi mbili ya uwezo wake ndipo zishindwe kukoleza mkojo, kwa hiyo mkojo mwingi uliopauka kama maji mara nyingi hutangulia kukonda na kutapika. Kusubiri dalili hizo ni kupoteza muda wa thamani.

Kuna pia wanaoamini kwamba kiu kali ni kisukari moja kwa moja. Kisukari kimo kweli, kwa kuwa sukari iliyozidi katika damu hupenya hadi kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Lakini homoni ya kotisoli ikizidi, kalisiamu ikipanda katika damu au ini likiugua, dalili huwa ileile. Kwa jike ambaye hajaondolewa kizazi, la kuhofiwa zaidi ni usaha ndani ya mji wa mimba, ambao mara nyingi hujitokeza wiki chache baada ya joto, yaani kipindi cha kutaka dume. Mlango wa kizazi ukiwa umefunga, hakuna uchafu utakaouona nje. Utaona kiu, uchovu na kukataa chakula. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Si kweli kwamba kiasi hakipimiki nyumbani. Mimina lita 2 asubuhi, ongeza kwa kipimo yakipungua, na kesho yake saa ileile upime yaliyobaki. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni kupita kiasi, yaani lita 1 kwa mbwa wa kilo 10. Kumbuka tu kwamba anayehamishwa kutoka chakula cha majimaji kwenda kikavu atakunywa zaidi bila kuumwa.

Hatimaye, dawa: prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, huleta kiu na mkojo mwingi, na mwenye mbwa akishtuka huiacha ghafla. Asifanye hivyo. Tezi za adrenali, zinazotengeneza kotisoli mwilini, huwa zimepumzishwa na dawa hiyo, na kipimo hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Siku ya kumwona daktari, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chombo safi na kikavu, umpelekee pamoja na hesabu ya maji uliyoandika.