Programu huria za kuchora na kutengeneza katuni: maana yake, na ipi inafaa kazi ipi

Mwanzoni mwa mwaka 2002, kampuni ya Uholanzi iliyoitwa Not a Number ilifungwa baada ya wawekezaji kuacha kuigharamia. Bidhaa yake kuu ilikuwa Blender, programu ya kutengeneza picha na katuni za pande tatu. Kwa kawaida kampuni ikifa, programu yake nayo hufa, na watu waliokuwa wakiitumia hubaki na mafaili ambayo miaka michache baadaye hakuna kompyuta inayoyafungua. Safari hii mambo yalikwenda vingine. Mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, alikubaliana na wawekezaji kwamba wakilipwa yuro 100,000 wataachia msimbo wa programu, yaani maandishi ya amri yanayoiunda. Akaomba michango kwenye intaneti, na fedha zikatimia ndani ya wiki saba. Tarehe 13 Oktoba 2002 msimbo wa Blender uliwekwa hadharani chini ya leseni ya GNU GPL, na kilichokwisha kutolewa kwa leseni hiyo hakiwezi kurudishwa kabatini.

Programu huria ni programu ya namna hiyo. Leseni yake inampa kila aliye nayo haki nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kusoma msimbo wake na kuona inavyofanya kazi, kuibadilisha, na kuisambaza kwa wengine, iwe ile ya awali au ile aliyoibadilisha. Aliyelipatia wazo hili umbo ni Richard Stallman wa Marekani, aliyetangaza GNU, mradi wa kuandika programu za namna hii, mwaka 1983. Ukizitazama haki hizo nne utaona bei haimo. Programu ya simu unayopakua bila kulipa, inayokuletea matangazo kila ukimaliza mchoro, ni ya bure lakini si huria: wenyewe wakiamua kesho kuitoza au kuiondoa, huna la kufanya. Krita, programu huria ya kuchora, nayo huuzwa kwenye duka la mtandaoni la Steam, huku tovuti yake ikiitoa bila malipo. Ni programu ileile, na wanaonunua wanachangia kazi ya wanaoiandika.

Haki ya kubadilisha msimbo huonekana haimhusu mchoraji asiyejua kuandika programu. Inamhusu kupitia kwa wengine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kwenda kuomba kibali kwa kampuni yoyote, maana leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu.

Kuna hofu moja ninayokutana nayo sana kwa vijana wanaoanza: kwamba ukichora kwa programu huria, mchoro wako nao unakuwa mali ya umma. Hapana. Leseni inahusu programu, haigusi kazi unayoifanya kwa programu hiyo. Bango ulilochora kwa Inkscape, mojawapo ya programu hizo, ni lako, uza kwa bei unayotaka, na mteja huna haja ya kumweleza ulitumia nini.

Sasa tofauti zake. Watu huuliza ipi ni bora kuliko zote, na swali hilo halina jibu mpaka useme unataka kutengeneza nini, kwa sababu kila programu ina namna yake ya kuelewa mchoro ni kitu gani.

Kwa Krita na GIMP, mchoro ni pikseli, yaani vidoa vya rangi vilivyopangwa kimoja baada ya kingine kama shanga. Ukiukuza mno, vidoa vinaonekana. GIMP ilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na hadi leo nguvu yake iko kwenye picha za kamera: kukata, kusafisha, kurekebisha mwanga, kuunganisha. Toleo lake la 3.0, lililotoka Machi 2025, liliondoa kero ya muda mrefu, kwani sasa unaweza kuweka athari juu ya leya, yaani tabaka moja la picha, na kurudi kuibadilisha baadaye bila kuiharibu picha ya chini. Lakini kuchora kwa mkono kwa GIMP ni kujitesa. Krita ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya mchoraji. Brashi zake ni nyingi na zinaitikia mgandamizo wa kalamu ya kidijitali, ina kifaa cha kutuliza mkono unaotetemeka, na inafanya kazi katika rangi za uchapaji, CMYK, jambo ambalo anayepeleka kazi kiwandani atalithamini siku ya kwanza. Kama ni kuchora tu, sioni sababu ya kuanza na nyingine.

Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, ni ya vekta. Mchoro hapo ni mistari na maumbo yanayohesabiwa upya kila unapobadilisha ukubwa, hivyo nembo moja itatoka safi kwenye kadi ya biashara na kwenye bango la barabarani. Udhaifu wake mkubwa ni uleule Krita ilioushinda: rangi za uchapaji. Muulize mchapaji wako mapema anataka faili gani.

Kwenye katuni mambo ni mengi zaidi, na hapa ndipo watu hupoteza miezi kwa kuchagua vibaya. Sinema huonyesha fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Hata ukichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, kama wachoraji wengi wafanyavyo, sekunde moja inadai michoro 12 na dakika moja inadai 720. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani atakayechora michoro hiyo, wewe au kompyuta.

Ukitaka kuchora yote mwenyewe, Pencil2D ni nyepesi na menyu zake ni chache. Mtoto wa shule ataielewa haraka. Krita nayo imekuwa na uhuishaji, yaani uwezo wa kutengeneza katuni, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, na uzuri wake ni kwamba brashi zote zinatumika kwenye fremu. Tatizo ni kumbukumbu ya kompyuta. Krita hushikilia fremu humo ili iweze kuzichezesha, na laptopu ya RAM ya gigabaiti 4 itaanza kusuasua kwenye kipande ambacho hakijafika hata dakika. Itumie kwa vipande vifupi, kisha viunganishe kwenye programu ya kuhariri video.

OpenToonz ina historia nzito kuliko zote. Ilianza kama Toonz, programu ya kulipia ya kampuni ya Kiitaliano ya Digital Video, na studio ya Ghibli ya Japani iliitumia kwa miaka mingi. Mwaka 2016 kampuni ya Kijapani ya Dwango iliinunua na kuitoa iwe huria. Kwa anayependa penseli na karatasi, hakuna inayoifikia: unachora kwenye karatasi, unaskani, nayo inasafisha mistari na kuigeuza iwe tayari kupakwa rangi. Rangi zenyewe zimefungwa kwenye kibao kimoja. Ukiamua katikati ya kazi kwamba kanzu ya mhusika iwe ya kijani badala ya nyeupe, unabadilisha mara moja na michoro yote inafuata. Hata hivyo sura yake inatisha, na menyu zimejaa majina ambayo hayajielezi. Watu waliochoshwa na hilo walichukua msimbo wakatengeneza Tahoma2D, yenye nguvu zilezile, ila imepangwa vizuri zaidi, na inakuwezesha kuunganisha kamera kwa katuni za vinyago vinavyosogezwa kidogokidogo. Mimi ningemwelekeza anayeanza kwa Tahoma2D.

Synfig inafuata njia nyingine. Unaweka mkono wa mhusika hapa mwanzoni na pale mwishoni, nayo inakokotoa mienendo ya kati. Michoro 720 inageuka kuwa mikao michache. Inafaa masomo ya watoto, matangazo, na wahusika waliokatwa vipandevipande na kutiwa mifupa, yaani viungo vya kuwasogezea. Haifai kama unatafuta ule uhai wa mstari unaotetemeka kidogo kwa kuwa umechorwa na mkono.

Na Blender? Imekua hadi mipaka yake haionekani kirahisi. Ndani yake kuna kuunda maumbo, kutia mifupa, kuweka taa, kuhariri video, na tangu toleo la 2.80 la mwaka 2019 kifaa chake cha Grease Pencil kimekuwa karakana kamili ya katuni za mkono ndani ya nafasi ya pande tatu. Machi 2025 filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata Oscar ya filamu bora ndefu ya uhuishaji. Baada ya hapo hoja ya kwamba programu huria ni za kujifunzia tu imekosa miguu. Gharama ya Blender ni muda wa kuijua, na kadi ya michoro inayoridhisha. Matoleo mapya hayafunguki kwenye laptopu nyingi za zamani, lakini tovuti yake imehifadhi matoleo yaliyopita na ni halali kabisa kupakua moja la miaka ya nyuma linaloikubali mashine yako. Kwa anayetumia mashine ya mtumba, haki hiyo ina thamani ya fedha.

Lazima pia kusema zinapopungukiwa. Matangazo mengi ya kazi katika wakala wa matangazo na vituo vya televisheni bado yanataja Photoshop na After Effects, programu za kulipia za kampuni ya Adobe, na hii ya pili haina mbadala huria unaolingana nayo kwa michoro ya maandishi yanayotembea. Krita na GIMP zinafungua faili la PSD, yaani lile la Photoshop, ila baadhi ya vitu, hasa maandishi na athari, vinaweza kufika vimebadilika. Ukifanya kazi katika timu inayotumia za Adobe, utalipia kwa usumbufu. Upande wa pili, tangu mwaka 2013 Adobe ilipotangaza kwamba matoleo yake mapya yatapatikana kwa ada ya kila mwezi, anayeacha kulipa anafungiwa programu hata kama mafaili ni yake.

Vyovyote utakavyochagua, hifadhi faili la asili, na kila kipande kinachokamilika kitoe pia kama mfululizo wa picha za PNG, fremu moja faili moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fremu zilizokwisha kutoka zinabaki, nawe unaendelea kuanzia pale iliposimama. Mfululizo huo unafunguka kwenye karibu programu zote nilizozitaja hapa, na kwenye zile za kulipia pia.