Kutoka uwanjani hadi ukocha mkuu wa chuo: njia aliyopita Jon Scheyer

Wachezaji wengi wa kikapu wakistaafu hudhani jina lao litatosha kuwapatia timu ya chuo. Kwenye vyuo vya Marekani, jina humfungulia mtu mlango wa ofisi ya chini kabisa. Kupanda kunatokana na kazi nyingine.

Jon Scheyer aliichezea timu ya Chuo Kikuu cha Duke kuanzia 2006, akamaliza 2010 akiwa nahodha na bingwa wa NCAA, mashindano ya vyuo vya Marekani. Kiangazi hichohicho aliumia jicho, safari yake ya NBA ikavurugika. Akacheza Maccabi Tel Aviv na Gran Canaria, kisha 2013 akarudi Duke kuwa msaidizi maalumu wa Mike Krzyzewski, kocha mkuu wa timu hiyo.

Cheo hicho wengi hukidharau, kwa sababu kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwenye nafasi hiyo kufundisha mazoezini wala kusafiri kusaka wachezaji. Mimi nakiona kuwa shule bora kuliko zote. Mchezaji mahiri hufanya mengi kwa mazoea, na akiulizwa kwa nini alipiga pasi ile, hana jibu. Mwenye cheo hiki hushinda akichambua video za mechi, nazo humlazimisha kulitafuta jibu hilo.

Chukua ripoti ya mpinzani. Unatazama mechi zake nne au tano za karibuni, unaandika mashambulizi anayoyarudia, mipira ya kurusha kutoka nje ya mstari, na kwa kila mchezaji: anapenda kwenda mkono upi, anapokelea mpira wapi, anafanya nini akibanwa na walinzi wawili. Halafu unapunguza. Hapa ndipo makocha wapya huharibu: wanampa kijana kurasa nzima, naye anaingia uwanjani akiwaza badala ya kukaba. Mambo matatu kwa kila mpinzani anayemkaba yanatosha. Tena muda ni mchache. Msimu ukianza, kanuni zinaruhusu saa 20 tu za shughuli za timu kwa wiki. Kikao cha video cha lazima kinahesabiwa humo, na siku ya mechi inahesabiwa saa 3.

Scheyer akawa kocha msaidizi 2014, akapandishwa tena 2018, akatangazwa mrithi wa Krzyzewski Juni 2021, akakabidhiwa timu 2022. Miaka tisa kwenye benchi lilelile. Msimu wake wa kwanza alitwaa kombe la mashindano ya ACC, ligi ya vyuo ambayo Duke imo, na 2025 akaifikisha timu kwenye nne bora za NCAA.

Ukipewa nafasi leo, usiulize mshahara kwanza. Julai 2023 timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa kuwa na wasaidizi 5 badala ya 3, lakini wawili walioongezwa wakati huo hawakuruhusiwa kutoka nje ya chuo kusajili. Uliza kama wewe utaruhusiwa kusafiri kusajili. Mkurugenzi wa michezo anayetafuta kocha mkuu atataka kujua ni wachezaji gani uliowaleta wewe mwenyewe, na msaidizi aliyefungiwa chuoni hukosa jibu hilo hata kama mazoezini anafundisha vizuri kuliko wenzake.