Saa ya kwenye tiketi: kwa abiria wanaounganisha safari kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu

Msimu wa Umra na likizo ukikaribia, dawati letu hupokea malalamiko ya aina moja: "Nimeachwa na ndege." Tukifungua tiketi, mara nyingi tunakuta ndege iliondoka kwa saa yake, abiria ndiye aliyehesabu vibaya.

Tiketi hutumia mfumo wa saa 24. 00:35 ya tarehe 15 ni usiku ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Anayepanda boti kuvukia Manda asubuhi ya tarehe 15 ndege yake imeshaondoka, na kaunta hapana la kujadiliana. 02:00 nayo ni saa nane usiku. Saa mbili asubuhi huandikwa 08:00. Hili tumelieleza mara nyingi.

Pili, kila saa ni ya mahali ilipoandikiwa. Tuseme unatoka Nairobi 16:40, unatua Dubai 22:40. Hukukaa angani saa sita: Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo ni tano. Ukirudi, unaongeza. Jeddah saa zake ni sawa na za Kenya, toa moja kwa moja.

Wengine huchukua umbali wa Lamu hadi Dubai, takriban kilomita 3,430 kwa mstari ulionyooka, wakagawanya kwa mwendo wa ndege. Mstari huo hakuna anayekurusha. Kutoka Manda unaelekea kwanza magharibi, kama kilomita 467 hadi Nairobi, ndipo uanze nyingine 3,560. Tena muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama, si tangu magurudumu yanapoinuka. Na umbali huo wa Manda hadi Nairobi ukiandikwa maili 252, hizo ni za baharini, mita 1,852 kila moja. Manahodha wetu wanazijua. Anayezidisha kwa 1.6 anapunguza zaidi ya kilomita 60.

Kama tiketi zako ni mbili tofauti, shirika la pili halilazimiki kukungoja wala kukurudishia nauli, na ukikosa kwenda, mashirika mengi hufuta na safari ya kurudi. Tiketi moja yenye namba moja ya kuhifadhi nafasi kwa safari yote ni kinga bora. Mzigo usipofika, andikisha fomu kabla ya kutoka ukumbi wa kupokelea mizigo na tunza ile stika yenye namba. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unataka dai la maandishi: siku 7 tangu kupokea begi lililoharibika, siku 21 tangu kukabidhiwa lililochelewa. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2. Kulalamika kwa mdomo kaunta hakuhesabiki.

Hesabu kinyumenyume. Ndege ya 16:40 inakutaka JKIA, uwanja wa kimataifa wa Nairobi, saa tatu kabla, yaani 13:40. Ukitua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, weka saa mbili za barabara na mizigo: utue 11:40. Toa saa moja na nusu ya kuruka, maana nyingine hupitia Malindi kwanza: uondoke Manda 10:10. Uwe kaunta 09:10, na gatini Lamu saa mbili na dakika arobaini asubuhi (08:40), mapema zaidi maji yakiwa yamekupwa. Kama siku hiyo hakuna ndege ya Manda inayoondoka kabla ya 10:10, nenda Nairobi jana yake.