Je, wajua kwa nini maabara hukupima tena kundi la damu hata kama kadi yako inalitaja?

Kadi yako ya kuchangia damu imeandikwa O chanya, na bado siku unapolazwa ukihitaji kuongezewa damu, mtu wa maabara anakuja na sindano kukupima upya. Ana haki kabisa. Kadi haionyeshi kipimo kilisomwaje, wala haithibitishi kwamba damu iliyopimwa siku ile ilikuwa ya kwako.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Kwenye kigae cheupe huwekwa matone matatu ya dawa, kila moja mahali pake: anti-A ya bluu, anti-B ya njano, na anti-D ambayo kwa kawaida haina rangi. Kando ya kila tone huwekwa tone la damu, kisha huchanganywa kwa kijiti na kigae huyumbishwa taratibu kwa dakika 2 hivi. Ndani ya dawa mna kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kila aina hutafuta alama yake. Zikikuta alama zake juu ya chembe nyekundu, huzishika na kuziunganisha, na damu hufanya punje kama maziwa yaliyokatika. Zisipoikuta alama, damu hubaki laini. Punje kwenye anti-A pekee, wewe ni A. Kwenye anti-B pekee, ni B. Kote kuwili, AB. Pasipo na punje kokote, O. Tone la tatu ndilo linalosema chanya au hasi.

Wepesi huo ndio unaoponza. Kijiti kimoja kikikoroga matone yote, anti-A huhamia kwenye anti-B na mtu wa kundi A anasomeka AB. Kigae kikiachwa muda mrefu, kingo za tone hukauka na kufanya vipunje vya uongo, mwenye hasi akaitwa chanya. Dawa nayo hutunzwa kwenye jokofu, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi; ikishinda mezani kwenye joto siku baada ya siku hudhoofika, na alama hafifu hazionekani tena. Ndiyo maana maabara makini huijaribu dawa kwanza kwa damu ambayo kundi lake linajulikana.

Kabla ya kuongeza damu, kigae peke yake hakitoshi. Mtu wa kundi A hubeba kingamwili dhidi ya B, wa B dhidi ya A, wa O dhidi ya zote mbili, na wa AB hana hata moja. Kwa hiyo majimaji ya damu yako hupimwa pia, dhidi ya chembe za A na za B zinazojulikana. Majibu ya pande mbili yasipokubaliana, kundi halitangazwi mpaka sababu ipatikane. Huenda mgonjwa aliongezewa damu ya O wiki iliyopita, na sasa chembe za watu wawili zimo katika mishipa yake. Kwa mtoto mchanga kipimo hiki cha pili hakitegemewi: miezi yake ya mwanzo bado hajatengeneza kingamwili zake mwenyewe, na alizonazo ni za mama.

Lakini kosa la kutisha zaidi hutokea mbali na kigae, kando ya kitanda: chupa mbili za damu ya kupimwa, wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana, lebo zikabadilishana. Hapo maabara inaweza kupima bila dosari na bado ikatoa kundi la mtu mwingine. Damu ya kundi lisilopatana ikiingia mwilini, kingamwili huanza kuzipasua chembe ngeni ndani ya dakika chache, na figo zinaweza kufeli.

Kwa hiyo ukija kutolewa damu, taja mwenyewe majina yako yote na tarehe ya kuzaliwa, usiitikie tu jina unalosomewa. Na hakikisha lebo inaandikwa hapo hapo mbele yako, kabla chupa haijaondoka kitandani.