Lenzi za macho na maji ya bomba: maswali na majibu kuhusu amiba wa jicho

Lenzi zangu za rangi naziosha kwa maji safi ya bomba. Kuna ubaya gani?

Ubaya upo, tena mkubwa. Maji ya bomba, ya kisima au ya simtanki, hata yakiwa meupe pe, huweza kubeba kimelea aina ya amiba kiitwacho akantamiba. Hali ikiwa ngumu hujifungia ndani ya gamba, na humo klorini ya maji ya bomba haikiui. Hunata kwenye lenzi, kisha huingia kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kupitia mchubuko hata mdogo sana. Maji ya chupa nayo si ya kuoshea lenzi. Mate ndiyo kabisa.

Dalili zake?

Jicho jekundu, mara nyingi moja, machozi, mwanga kuchoma, kuona ukungu. Maumivu huwa makali kupita jicho linavyoonekana. Pete nyeupe kwenye konea huja baadaye, ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Hufanana na hepesi ya jicho, yaani maambukizi ya virusi, hivyo mwambie daktari wazi kwamba unavaa lenzi. Nenda na lenzi na kikopo chake bila kuviosha, vipimwe maabara pamoja na sampuli itakayokwanguliwa kwenye konea.

Nianze na matone ya duka la dawa?

Tafadhali usianze. Soma boksi: ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Wekundu utapungua, utadhani umepona, kumbe kinga ya jicho imeshushwa na amiba anazidi kuila konea. Antibiotiki ya jentamisini iliyochanganywa humo haimuui. Vua lenzi, usizirudishe, uende siku hiyohiyo kliniki ya macho. Kwa walio Dar es Salaam, hospitali za Muhimbili na CCBRT pale Msasani wanazo.

Matibabu yakoje?

Ni marefu. Matone ya klorheksidini au PHMB (dawa za kuua amiba) ya asilimia 0.02 huwekwa kila saa, usiku na mchana, siku za mwanzo, kisha hupunguzwa taratibu kwa miezi kadhaa, wakati mwingine kupita mwaka, kwa sababu amiba aliyebaki ndani ya gamba huweza kuamka dawa ikikatizwa. Klorheksidini ya kusukutulia kinywa au kusafishia vidonda ni kali mno, isiguse jicho. Wanaochelewa hubaki na kovu, presha ya jicho au mtoto wa jicho. Konea ikitoboka, huenda ikahitajika kupandikizwa nyingine.

Nizivae vipi kwa usalama?

Nawa kwa sabuni, kausha mikono vizuri. Sugua lenzi kwa dawa yake, suuza kwa dawa hiyohiyo. Dawa ya jana imwage yote, usiongezee juu yake. Kikopo kisuuze kwa dawa, kipanguse, kiache wazi kimefudikizwa kikauke, na ukibadilishe kila baada ya miezi 3. Vua lenzi kabla ya kuoga, kuogelea au kulala. Na usiazimane na shoga yako, hata kwa picha za harusi tu.

Asiyevaa lenzi yuko salama?

Hatari yake ni ndogo zaidi, ila udongo au maji machafu yakiingia kwenye jicho lililochubuka, amiba anaweza kuingia vilevile.