Bajeti ya elimu ya juu imepanda: mwanafunzi mmoja amepata ngapi?

Barazani Wete, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja alinigeukia. "Mwalimu, kila Juni redio inatwambia bajeti ya elimu imepanda. Mjukuu wangu yuko chuoni, ananambia maabara wanagombania hadubini moja watu wanane. Hizo pesa zinapanda wapi?"

Ni suali la haki, na kwa sisi tunaoshughulika na mipango na fedha za vyuo, kulijibu ni wajibu.

Tulianza na hesabu ndogo ya kubuni, mzee akiifuata kwa kidole juu ya mkeka. Chuo kinapewa na Serikali ruzuku ya shilingi bilioni 10 na kina wanafunzi 2,000, kwa hiyo kila mmoja ana milioni 5. Miaka mitano baadaye ruzuku imefika bilioni 12, wanafunzi wamekuwa 3,000. Bajeti imepanda kwa asilimia 20, lakini sehemu ya kila mwanafunzi imeshuka hadi milioni 4. Bado hatujagusa bei. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, baada ya miaka hiyo mitano zile bilioni 12 hazinunui hata vile vilivyonunuliwa na bilioni 10. Redio haikusema uongo. Ilitoa tarakimu moja katika hesabu inayotaka tatu: fedha, wanafunzi na bei.

Kwetu visiwani, tarakimu ya watu ndiyo nzito zaidi. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569, na ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la asilimia 45 kwa miaka 10. Miongoni mwa watu hao wamo watoto wengi walioko maandalizi na msingi, wanaosoma chini ya msingi wa elimu bila malipo uliotangazwa Septemba 1964. Wanapanda madarasa kila mwaka, na watafika mlango wa chuo kikuu. Ruzuku inayokua kwa mwendo wa bei peke yake itawakuta hawana pa kukaa.

Atakayechora mwenendo wa matumizi ya miaka mingi aangalie sana anapofika 2016. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kufundisha 2001. Mwaka 2016 kiliunganishwa na chuo cha fedha cha Chwaka, chuo cha utalii cha Maruhubi na chuo cha afya cha Mbweni. Vyuo hivyo vilikuwa na walimu, majengo na mishahara yao tangu zamani. Vikihesabiwa chini ya SUZA, mstari wa grafu unaruka, nawe utadhani Serikali imemwaga fedha mpya, kumbe zile zile zimehama fungu. Nimeona hitimisho zima likijengwa juu ya mruko wa namna hii, na inaniuma, kwa sababu anayepotoshwa ni mzazi.

Jengine ni kwamba elimu ya juu ni jambo la Muungano. Mtoto wa Micheweni anaweza kukopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, au na bodi ya mikopo ya Muungano. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo Unguja tangu 1978, ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukisoma bajeti ya Zanzibar pekee, umesoma mfuko mmoja. Na mkopo si sawa na ruzuku: ruzuku ikitumika imekwisha, mkopo unatarajiwa kurudi ili umsomeshe mwengine. Ukivijumlisha bila kuvitenganisha, jumla hiyo haikwambii Serikali imebeba mzigo kiasi gani na familia imebakiwa na kiasi gani.

Je, kiasi gani kinatosha? Azimio la Incheon la 2015, makubaliano ya kimataifa kuhusu elimu, linazitaka serikali zitenge angalau asilimia 15 hadi 20 ya matumizi yao kwa elimu. Hiyo ni elimu yote, kuanzia maandalizi. Binafsi sitaki chuo kikuu kinenepe kwa kunyang'anya skuli za msingi, maana mwanafunzi mmoja wa chuo hugharimu mara kadhaa zaidi kuliko mtoto wa darasa la kwanza, na asiyejua kusoma hatafika kwenye hadubini.

Nilichokiweka mwisho ndicho kilichomsimamisha mzee. Kiasi kinachoidhinishwa na Baraza la Wawakilishi kule Chukwani ni ruhusa ya kutumia. Fedha zinazoingia chuoni ni habari nyengine, nazo huja kidogo kidogo mwaka mzima, kadiri mapato yanavyopatikana. Mishahara hutangulia, hadubini husubiri. Kwa hiyo katika hotuba ya bajeti ya wizara nenda moja kwa moja kwenye majaduweli ya utekelezaji, usome safu mbili: zilizoidhinishwa na zilizopatikana.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana aliyekuwa na simu. "Hebu itafute hiyo hotuba. Tuanze na zilizopatikana."